NÜRNBERG: MJI WA KUTA, SOSEJI NA MAFUNDI

Tulipoambiwa kwamba baada ya kozi yetu ya vyama vya wafanyakazi huko Ujerumani tungepewa siku mbili za mapumziko, wengine wetu tulitaka kulala tu. Kozi ilikuwa ngumu, tena baridi ya Novemba ilikwisha tuingia mifupani. Lakini wenyeji wetu walikuwa wamekwisha kata tikiti za gari moshi kwenda Nürnberg, mji wa kale ulioko sehemu iitwayo Franken katika jimbo la Bavaria. Hivyo tukaenda, na sasa tunashukuru kwamba hatukulala.

Tulikuwa watu wanne. Wawili tunafanya kazi katika viwanda vya sukari, mmoja katika kiwanda cha nguo, na mmoja katika mashamba ya chai. Mwenzetu wa chai ni Mwislamu, na jambo hilo lina maana yake katika habari hii, kwa kuwa mji wa Nürnberg unajulikana duniani kwa soseji za nyama ya nguruwe. Yeye mwenyewe alitutania njiani: "Ninyi mnakwenda kula, mimi nakwenda kutazama majengo."

Kwenye stesheni tulipokewa na mzee mmoja aliyekuwa mfanyakazi wa kiwanda, ambaye sasa amestaafu. Alifanya kazi miaka 28 katika kiwanda cha mashine za kufulia nguo cha AEG, hapo hapo mjini. Habari za kiwanda hicho tutazieleza mbele. Mkalimani wetu alikuwa dada mmoja wa Kisumu anayesoma huko, na kwa heshima yeye naye alimwita mzee huyo Mzee, mpaka mwenyewe akaanza kuitikia jina hilo.

Ukitoka nje ya stesheni, kitu cha kwanza unachokiona ni mnara mnene wa mviringo, na ubavuni mwake ukuta wa mawe. Ukuta uliouzunguka mji ulikuwa na urefu wa kilometa 5 hivi, na sehemu kubwa yake ingali imesimama. Ndani ya ukuta ndimo ulimo mji wa kale. Nje yake ndiko kulikokua viwanda na nyumba za wafanyakazi, na leo mji mzima una watu zaidi ya nusu milioni. Jina la Nürnberg limeandikwa kwa mara ya kwanza katika hati ya mwaka 1050. Juu ya kilima upande wa kaskazini iko ngome ya wafalme, na ndani yake kisima kilichochimbwa katika mwamba karibu meta 50 kwenda chini. Tulichungulia. Kiongozi alimwaga maji kidogo nasi tukanyamaza kimya tukingoja sauti yake, na ilipofika, mwenzetu wa nguo aliuliza swali ambalo sote tulikuwa nalo: nani alikuwa akichimba kule chini, na alilipwa nini?

Tulipofika kwenye mtaa wenye nyumba nzuri za paa kali, tulisimama tukazisifu. Mzee akatikisa kichwa. Alisema kwamba tunayoyaona ni ya kale na si ya kale. Usiku wa tarehe 2 Januari 1945 ndege za Waingereza zaidi ya 500 ziliupiga mji huu kwa mabomu. Watu kama 1,800 walikufa, watu wapatao 100,000 walikosa mahali pa kulala, na karibu mji wote wa kale uligeuka kuwa kifusi. Kifusi chenyewe kilikuwa zaidi ya meta za ujazo milioni 10. Baada ya vita kulikuwa na shauri: mji ujengwe upya kwa namna ya kisasa, au urudishwe kama ulivyokuwa? Waliamua njia ya katikati. Mitaa iliachwa ipite palepale ilipopita tangu zamani, nyumba mpya zisizidi kimo cha zile za kale, na paa ziwe zile kali za vigae. Makanisa makubwa, ngome na sehemu za ukuta vilirudishwa jiwe kwa jiwe. Basi ukuta anaoupiga picha mgeni leo, na kusema huu ni wa miaka mia sita, kwa sehemu nyingi ni kazi ya waashi na maseremala wa miaka ya 1950 na 1960. Wapo wageni wanaovunjika moyo wakiambiwa hivyo. Sisi tulizidi kuupenda.

UWANJA WA SOKO

Katikati ya mji uko uwanja wa soko, Hauptmarkt. Siku ile ulikuwa na meza za wakulima: kabichi, vitunguu, viazi, asali, jibini, maua. Pembeni iko chemchemi yenye mnara wa mawe uliochongwa kwa ustadi, iliyojengwa mwishoni mwa karne ya 14, na mbele yake Kanisa la Bibi Yetu lenye saa ya ajabu. Kila siku saa sita kamili mchana milango ya saa hufunguka, na sanamu saba za watawala walioruhusiwa kumchagua Kaisari humzunguka Karl wa Nne mara tatu. Saa hiyo ilitengenezwa mwaka 1509. Watoto walipiga makofi, nasi pia tukapiga.

Lakini Mzee alitueleza habari za uwanja ule ambazo haziimbwi na saa. Mwaka 1348 mafundi wa Nürnberg, yaani wahunzi, wafumaji, waokaji na wengineo, waliliasi Baraza la Mji, ambalo lilikuwa mikononi mwa koo chache za wafanya biashara matajiri. Walitaka nao wawe na sauti katika mambo ya mji na wawe na vyama vyao, kama mafundi wa miji mingine ya Ujerumani walivyokuwa navyo. Matajiri walikimbia, na baraza la waasi likatawala kwa muda wa mwaka mmoja na zaidi. Ndipo mwaka 1349 Karl wa Nne, yule yule anayezungukwa na sanamu saa sita mchana, akawarudisha wale wakubwa madarakani. Baada ya hapo vyama vya mafundi vilipigwa marufuku katika Nürnberg. Kila kazi iliwekewa kanuni na Baraza lenyewe: mwalimu wa kazi awe na vijana wangapi, kazi ipimwe namna gani, bei iwe kiasi gani. Marufuku hiyo ilidumu kwa mamia ya miaka.

Husimuliwa kwamba wachinjaji wa nyama hawakujiunga na uasi ule, na kwamba kwa utiifu wao waliruhusiwa kucheza ngoma yao mitaani kila mwaka kabla ya Kwaresima. Wenzao walinyimwa chama, wao wakapewa ngoma. Hatukuweza kujizuia kucheka, maana hila hiyo sote tumekwisha iona makazini mwetu kwa sura nyingine.

Tena liko jambo la kusikitisha zaidi. Mwaka ule ule 1349 mahali palipo uwanja huo palikuwa mtaa wa Wayahudi. Karl wa Nne alitoa ruhusa nyumba zao zivunjwe ili upatikane uwanja wa soko, na mwezi wa Desemba watu zaidi ya 500 wa mtaa huo waliuawa. Kanisa tulilolisifu limejengwa palipokuwa sinagogi lao. Mafundi na matajiri waliogombana juu ya kila jambo, hawakugombana juu ya hilo.

SOSEJI YA KIDOLE

Njaa ilikwisha tushika. Mzee alituongoza mpaka nyumba moja ya kula ya zamani, yenye dari la mbao lililoiva kwa moshi na jiko la wazi katikati. Mpishi alikuwa amesimama mbele ya moto wa kuni, akigeuza soseji kwa mamia, upesi kama mtu anayechagua majani ya chai. Kuni ni za mti mmoja mgumu wa misitu yao, kwa kuwa moto wa gesi, alisema, hauleti harufu ile.

Soseji ya Nürnberg ni ndogo. Urefu wake ni sentimeta 7 mpaka 9, kama kidole cha mtu mzima, na uzito wake kabla ya kuchomwa ni gramu 20 mpaka 25. Ndani ni nyama ya nguruwe iliyosagwa, chumvi, pilipili na majani makavu yanukiayo yaitwayo Majoran, na ngozi yake ni utumbo mwembamba wa kondoo. Huagizi soseji moja; unaagiza sita, au nane, au kumi, au kumi na mbili, nazo huletwa juu ya sahani ya bati. Pembeni huwekwa kabichi iliyokatwa nyembamba, ikatiwa chumvi na kuachwa mpaka ichache, au viazi baridi vilivyotiwa siki, pamoja na mzizi mweupe uliokunwa ambao ukali wake hauendi ulimini bali unapanda puani na kukutoa machozi. Mwenzetu wa sukari alijaza kijiko akidhani ni nazi. Tulimpa maji.

Walio na haraka hununua dirishani soseji tatu ndani ya mkate wa duara, na kwa lugha ya pale huitwa "Drei im Weggla". Ziko pia zinazochemshwa katika maji ya siki na vitunguu badala ya kuchomwa. Hizo tulionja moja moja. Kwa maoni yetu ni chakula cha mtu aliyezaliwa huko.

Na mwenzetu wa chai? Alipewa samaki. Katika nchi ya Franken kuna mabwawa mengi ya kufugia samaki aitwaye kapi, na huliwa katika miezi ile tu ambayo jina lake la Kijerumani lina herufi r, yaani Septemba mpaka Aprili. (Kwa Kiswahili kanuni hiyo haifai kitu, tulijaribu kuihesabu, Septemba yetu haina r.) Samaki hupasuliwa nusu kwa urefu, kichwa na mkia, akapakwa unga na kukaangwa mpaka mapezi yanakuwa makavu na kuliwa kama bisi. Kabla ya kuonja mwenzetu alimwomba mkalimani aulize amekaangwa kwa mafuta gani, maana nyumba nyingi za huko hutumia mafuta ya nguruwe. Mpishi mwenyewe alitoka jikoni na kopo la samli akamwonyesha. Ndipo akala, na kwa kweli sahani yake ilikuwa kubwa kuliko zetu zote.

Mzee alitueleza sababu ya udogo wa soseji. Kwa masimulizi ya wenyewe, nyama ilipopanda bei Baraza halikukubali wachinjaji watie vitu vibaya ndani, basi wakapunguza ukubwa badala ya ubora. Wengine husimulia kwamba zilifanywa ndogo ili zipite katika tundu la ufunguo usiku, baada ya saa ya kufunga nyumba za kula. Na iko hadithi ya mtu mkubwa mmoja wa ukoo wa Stromer aliyefungwa maisha gerezani katika karne ya 16. Aliomba apewe soseji mbili kila siku, akapewa. Husemwa aliishi humo miaka 38. Tulipiga hesabu juu ya karatasi ya kufutia mikono tukapata soseji 27,740.

Lililo hakika ni kwamba Baraza lilikuwa kali sana juu ya chakula. Kanuni za nyama za mji huo zinatajwa tangu mwanzo wa karne ya 14. Wakaguzi walipita kila mara, na nyama mbovu ilitupwa mtoni. Viungo vya bei kubwa vilikuwa na wakaguzi wao pia. Mwaka 1444 mtu mmoja aliyechanganya zafarani na vitu vingine alichomwa moto pamoja na zafarani yake. Bia nayo iliamriwa tangu mwanzo wa karne hiyo ya 14 ipikwe kwa shayiri tu, ili nafaka nyingine zibaki za mkate. Chini ya mji kuna mapango yaliyochimbwa katika mwamba kwa ajili ya kuhifadhi bia, tabaka chini ya tabaka. Mwaka 1380 tayari Baraza linaamuru kila mpishi wa bia awe na pango lake. Wakati wa mabomu mapango hayo yaliokoa maelfu ya watu.

Sheria ya soseji haijafa. Tangu mwaka 2003 jina la soseji ya Nürnberg linalindwa na sheria ya Ulaya nzima: hakuna ruhusa ya kuiita jina hilo isipokuwa imetengenezwa ndani ya mipaka ya mji wenyewe, kwa kipimo kilichowekwa. Sisi tuliona ni jambo la kuchekesha, sheria ya mataifa kwa ajili ya kitu cha gramu 25. Mzee hakucheka. Aliweka uma chini akasema, "Soseji hawawezi kuihamisha. Mashine yangu waliihamisha."

BARABARA YA KWENDA FÜRTH

Alasiri alitupeleka nje ya ukuta, kwenye barabara ndefu iendayo mji wa jirani wa Fürth. Ukitaka kuijua historia ya wafanyakazi wa Ujerumani, waweza kuisoma katika barabara hiyo moja.

Hapo ndipo tarehe 7 Desemba 1835 ilipopita gari moshi ya kwanza ya Ujerumani, mwendo wa kilometa 6 hivi. Injini ililetwa vipande vipande kutoka Uingereza, na dereva wake, William Wilson, alikuwa Mwingereza. Yasemwa kwamba mshahara wake ulikuwa mkubwa kuliko wa mkurugenzi wa kampuni, kwa sababu hakuna mwingine aliyejua kuiendesha. Tulimwomba mkalimani atafsiri jambo hilo mara mbili.

Mbele kidogo liko jumba la mahakama ambamo tangu Novemba 1945 mpaka Oktoba 1946 wakubwa wa utawala wa Hitler walihukumiwa. Msomaji mfanyakazi akumbuke kwamba mmoja wa walionyongwa alikuwa Fritz Sauckel, aliyewakusanya mamilioni ya watu kutoka nchi zilizotekwa na kuwaleta Ujerumani kufanya kazi kwa nguvu. Katika kesi zilizofuata, jumba hilo hilo liliwaona pia wenye viwanda. Alfried Krupp alihukumiwa mwaka 1948 kifungo cha miaka 12 na kunyang'anywa mali yake, kwa kuwatumia watumwa viwandani na kupora mali za nchi nyingine. Mwaka 1951 alikwisha achiliwa na mali akarudishiwa. Vyama vya wafanyakazi vya nchi nzima vilikuwa vimevamiwa na kufungwa na Wanazi tarehe 2 Mei 1933, siku moja baada ya sikukuu ya wafanyakazi.

Kisha tukafika mahali palipokuwa kiwanda cha Mzee. Mwezi wa Desemba 2005 kampuni ya Electrolux, iliyokuwa mwenye mali, ilitangaza kwamba itakifunga na kazi ya mashine za kufulia na za kuoshea vyombo ingehamishwa, sehemu kubwa kwenda Poland. Wafanyakazi walikuwa 1,700 hivi. Mwezi wa Januari 2006 chama chao, IG Metall, kiliitisha mgomo, nao ukadumu zaidi ya wiki sita katika theluji. Mzee alituonyesha mahali palipowekwa mapipa ya moto mbele ya lango. Zamu zilikuwa kama zamu za kazi, alisema, asubuhi, mchana na usiku, na wake kwa waume, Wajerumani na Waturuki na Wagiriki, walisimama hapo. Watu wa mjini walileta kuni, chai na, bila shaka, soseji.

Kiwanda hakikuokoka. Kilifungwa mwezi wa Machi 2007. Walichokipata kwa mgomo ni mapatano yaliyoandikwa: malipo ya kuachishwa kazi ya mshahara wa mwezi mmoja na zaidi kidogo ya robo tatu kwa kila mwaka wa kazi, mafunzo ya kazi nyingine, na njia ya kustaafu kwa walio wazee. Tulimwuliza kama anahesabu kuwa walishinda. Alifikiri kwa muda mrefu. Alisema wale waliokuwa na miaka 25 wakati ule husema walishindwa, na waliokuwa na 55 husema walishinda. Yeye alikuwa na 50.

Mwenzetu wa nguo alikaa kimya njia nzima ya kurudi. Kiwanda chake nacho kimesikiwa kikitajwa.

WANAOTENGENEZA

Jioni tulikutana na ndugu wawili wa chama cha NGG, ambacho ni chama cha wafanyakazi wa vyakula, vinywaji, tumbaku na mahoteli. Ni chama cha kale. Mizizi yake hurudi mpaka mwaka 1865, kwa wasokota sigara wa Leipzig. Tuliwaambia tuliyoyasikia juu ya sheria ya soseji, na tukauliza: nyama imewekewa kipimo, mtu anayeikata amewekewa nini?

Walikiri kwamba kwa muda mrefu amewekewa kidogo. Katika machinjio makubwa ya Ujerumani wafanyakazi wengi walikuwa watu wa Romania, Bulgaria na Poland, walioajiriwa si na mwenye machinjio bali na makontrakta wadogo wadogo. Saa zao hazikuandikwa vizuri, na walilazwa vyumba vilivyojaa, kodi ikikatwa katika mshahara. Chama kilipiga kelele miaka mingi. Ilipokuja korona mwaka 2020 na wafanyakazi zaidi ya elfu moja wakaugua katika machinjio moja tu ya kaskazini-magharibi, nchi nzima ikaona. Sheria ikapitishwa, na tangu tarehe 1 Januari 2021 kazi ya kuchinja na kukata nyama haiwezi kupewa kontrakta. Mwenye kiwanda lazima awaajiri yeye mwenyewe. Wachinjaji wadogo wenye watu wasiofika 50 wameachwa nje ya sheria hiyo.

Kima cha chini cha mshahara kwa nchi nzima hakikuwako Ujerumani mpaka mwaka 2015, kilipowekwa euro 8.50 kwa saa. Mwaka 2025 kilifika euro 12.82. Ndugu mmoja alisema kwamba hiyo ni sakafu tu, nyumba yenyewe hujengwa kwa mapatano ya chama. Kabichi iliyokuwa sahanini mwetu hulimwa pembezoni mwa mji, katika bonde la mboga liitwalo Knoblauchsland, na huko pia wavunaji wengi hutoka nchi za mashariki kwa msimu, kisha hurudi makwao. Mwenzetu wa chai aliuliza maswali mengi hapo: nani hulipa nauli, mgonjwa hutibiwa na nani, mizani husomwa na nani. Majibu mengine yalimridhisha, mengine hayakumridhisha, na aliyaandika yote katika daftari lake kwa ajili ya mkutano wa tawi.

MKATE WA ASALI

Asubuhi ya siku ya pili tulikwenda kwa mwokaji kuona Lebkuchen, mkate wa asali na viungo ambao ni fahari ya pili ya mji. Misitu inayouzunguka mji iliitwa zamani bustani ya nyuki ya Kaisari, na warina asali wake walikuwa na haki zao na hata baraza lao la kesi. Viungo vililetwa na wafanya biashara kutoka Venice: mdalasini, iliki, tangawizi, kungumanga, karafuu. Karafuu za wakati ule zilitoka visiwa vya Maluku huko mashariki ya mbali. Unguja na Pemba zilikuja kuingia katika biashara hiyo karne ya 19, na wachumaji wake wa kwanza walikuwa watumwa.

Aina iliyo bora huitwa Elisen. Lazima robo yake iwe lozi au jozi za namna hiyo, na unga usizidi sehemu moja ya kumi. Kwa kuwa hauna unga wa kuushika, huwekwa juu ya kaki nyembamba nyeupe kama ile ya komunyo. Tulimwona mama mmoja akiipaka kwa kisu, kaki baada ya kaki, bila kutazama mikono yake. Viwanda vikubwa hufanya hivyo kwa mashine, nao huanza kuoka mikate ya Krismasi wakati wa jua kali la kiangazi. Ndipo huajiri vibarua wa msimu, na Krismasi ikikaribia huwaaga. Hapo hatukuhitaji mkalimani.

Nyumba ya Albrecht Dürer, mchoraji aliyeishi humo tangu 1509 mpaka alipokufa mwaka 1528, tuliipita mbio. Mzee alitaka kwanza atuonyeshe mahali ng'ambo ya ukuta palipokuwa kinu cha karatasi cha Ulman Stromer, cha kwanza katika Ujerumani, kilichoanza mwaka 1390. Stromer aliandika mwenyewe katika kitabu chake kwamba mafundi wake wa Kiitaliano walimpinga na kuikwamisha kazi, naye akawafungia ndani ya mnara mpaka walipoapa upya kumtii. Hakuandika walikuwa wakidai nini. Leo hapaonekani kinu, ni mto Pegnitz tu unapita, lakini Mzee alivua kofia kidogo, nusu kwa mzaha.

Stesheni alitununulia mikate mitatu ya soseji tatu tatu, na kwa mwenzetu wa chai kopo la Lebkuchen lenye picha ya ngome. Kopo hilo lilifika nyumbani salama. Mama yake alikula kimoja, akanusa vidole, akauliza kwa nini Wazungu wametia bizari ya pilau katika keki.